Fimbo ya Ethi na Mtani Wangu

Nimepigwa makofi mengi kwa ajili ya umeme mdogo. La kwanza nililipata Ikwiriri, saa nne asubuhi, mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, kutoka kwa mama mmoja aliyejifunga khanga kiunoni na ambaye mpunga wake ulikuwa umekwama tangu jana yake. Hakuniuliza lolote. Aliona sare ya fundi umeme, akaona ngazi juu ya gari, akanizaba. Nami sikuwa mtu wa kupokea kofi nikasema ahsante. Nilimsukuma akakalia gunia, na wanawe wawili wakanipa haki yangu palepale. Nilirudi ofisini mdomo umevimba, nikaandika kwenye ripoti kwamba nimejigonga kwenye nguzo.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nina hasira. Baba yangu, mkata mikoko wa Kiongoroni kule delta ya Rufiji, alikuwa akiwaambia watu kwamba siku niliyozaliwa nilimng'ata mkunga, na meno sina. Kwa hasira hiyo mtu mmoja alikaribia kufa Ikwiriri, mchana kweupe, kwa neno moja lililotoka kinywani mwangu. Mtu huyo alikuwa mtani wangu.

Lakini nianze na umeme mdogo, maana bila huo hakuna kilichotokea.

Laini yetu ilikuwa ndefu, na umeme ulipofika kwetu ulikuwa umeshachoka. Taa za majumbani hazina ugomvi: zikipata umeme mdogo zinafifia tu, basi. Mota ya mashine haiko hivyo. Ukiipunguzia nguvu haikubali, inavuta zaidi. Kadiri inavyovuta ndivyo nguvu kwenye laini inavyozidi kushuka, na mota ya jirani nayo inavuta, na ya jirani yake, mpaka zote zinasimama, zinanguruma bila kuzunguka, waya za ndani zinaanza kunuka. Ni kama sinia la pilau harusini: nyama ikianza kupungua ndipo mikono inapoongezeka, na mwisho sinia linapinduka, hakuna aliyeshiba.

Msimu wa mavuno sinia lilipinduka kila siku. Mpunga uliletwa kutoka mabondeni kwa trekta, kwa bodaboda, kwa vichwa vya watu, na watu walilala juu ya magunia yao wakisubiri zamu. Mawingu yakionekana, roho zinawaruka. Mpunga ukilowa umeharibika, na ule ndio chakula cha mwaka na ada ya mtoto. Mwenye mashine mmoja alimpasua mwenzake kichwa kwa spana kwa sababu aliwasha mota yake wakati mwenzake anawasha yake. Kijana wa mashine nyingine alinichapa mgongoni kwa mkanda wa mota, ule mpira mnene, na alama yake ninayo hadi leo. Nilimvunja jino. Sijivunii, lakini sitasema uongo kwamba niliumia moyo.

Wakati huohuo walikuwepo wezi wa kweli. Walikata waya za shaba zinazoshuka kwenye nguzo, wakanyonya mafuta ya transfoma, na transfoma moja ya njia ya Mtunda iliungua ikabaki kopo jeusi. Watu wakajijengea imani kwamba umeme ni mdogo kwa sababu ya wezi. Niliwaeleza habari ya mota na laini ndefu mpaka mate yakanikauka. Hawakusikia. Mwizi ana sura na shingo ya kukabwa, volteji haina. Nikachoka, nikaacha waamini hivyo, na tena nikawa naitikia: ndiyo, ni wezi, wezi wanatumaliza. Makofi yalipungua.

Dawa ilikuja baadaye, na ilikuwa kapasita. Mkuu wetu wa kituo, mtu mzima mpole ambaye hata akigombeza alikuwa anaanza kwa kukusalimia, alinieleza kwa maneno machache. "Mota inahitaji nguvu ya namna mbili," alisema. "Ya kwanza ndiyo inayokoboa mpunga. Ya pili ni ya kuisimamisha mota yenyewe, haikoboi kitu, inakwenda na kurudi tu. Hiyo ya pili tukiisafirisha kutoka mbali ndiyo inayotuangusha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Tuiweke hapahapa, karibu na mashine." Tukaweka. Makopo ya chuma yaliyokwisha kutumika kwingine, yamepangwa juu ya nguzo pembeni mwa eneo la mashine, na fyuzi zake juu yake. Na wenye mashine wakakubaliana, baada ya matusi ya siku mbili, kuwasha mota mojamoja kwa zamu. Wiki ile mota zilizunguka kwa sauti moja, na mama yule wa kofi la kwanza alinipa bakuli la mchele mpya. Nilifurahi kama mtoto.

Kapasita ina tabia moja mbaya. Ukiifungua kutoka kwenye laini haifi. Inabaki na umeme tumboni, kimya, hakuna taa wala mlio wa kukuonya, na ukiigusa inakumwagia wote kwa mara moja. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa hivi: fungua fyuzi, subiri dakika kumi, kisha panda na fimbo ya ethi. Hiyo ni fimbo ndefu ya plastiki ngumu, ina ncha ya shaba na waya mnene wa shaba ambao mwisho wake unabanwa kwenye ethi ya nguzo, uende ardhini. Unaigusisha kapasita, umeme uliobaki unashuka chini, ndipo unaweka mkono. Bila fimbo hupandi. Mkuu alikuwa hachezi na hilo. Makopo yetu yalikuwa ya zamani, na mara moja tuliona yanashika umeme robo saa nzima.

Sasa mtani wangu. Alikuwa mwendesha mashine katika mashine ya mwisho, ile iliyo karibu kabisa na nguzo ya kapasita. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na asiyejua utani ataona ni wazimu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na hununi. Anachukua kitu chako, anakificha, na unakikomboa kwa kahawa na kashata. Kila Ijumaa nikitoka msikitini sivioni viatu vyangu. Natembea peku hadi mashineni kwake na kumkuta amevivaa, anawaonyesha watu jinsi mla kaa wa delta anavyotembea kama yuko kwenye matope. Nami namwita mla ndezi, yule panya wa porini, naingia kwake, nachukua sufuria ya mboga jikoni mbele ya mkewe na kuondoka nayo. Mkewe anacheka mpaka anakaa chini.

Baba yangu alipofariki, alikuja Kiongoroni kwa boti, siku nzima majini. Jeneza lilipotaka kutolewa alilala mlangoni, akasema haliendi popote mpaka apewe shoka la marehemu. Akapewa. Akaliweka begani na kutembea kama baba, mguu mmoja mzito, akikohoa kama baba, akiwagombeza watu wanaobeba jeneza kwamba wanabeba kama wanawali. Watu walicheka na kulia pamoja. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa siku mbili macho makavu nataka tu kumpiga mtu, nililia siku ile kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu mtani haambiwi ahsante. Unamtukana tu, naye anaelewa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua la saa saba. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi kwenye laini kubwa, na uliporudi, zamu zikasahaulika. Watu walikuwa na magunia ya siku tatu, mbingu ya upande wa bahari imeanza kuwa nyeusi, na kila mwenye mashine akaruka kwenye swichi yake. Mota zote kwa pamoja. Nilikuwa ofisini nikaona feni inapunguza mwendo hadi naweza kuhesabu mapanga yake. Kisha mlio mmoja, pu, na nikajua fyuzi ya kapasita imekatika.

Nilipofika, mota zote zilikuwa zimesimama, na moja ilikuwa inatoa moshi. Watu walikuwa wengi, na walikuwa na hasira za namna ambayo huhitaji kuelezwa. Jiwe lilipiga mlango wa gari kabla sijazima injini. Mzee mmoja alinishika ukosi wa shati, akaniuliza kama nataka wajukuu wake wale nyasi. Nilimtoa mkono. Mwenye ile mashine ya moshi alikuwa anamkaba mwenzake, wanazungushana juu ya pumba.

Nilichukua fimbo ndefu ya kufungulia, nikafungua fyuzi mbili zilizobaki nikiwa chini, nikaegemeza ngazi kwenye nguzo. Nikaanza kuhesabu dakika. Nikaenda kwenye gari kuchukua fimbo ya ethi. Haikuwepo.

Nilijua mara moja nani ameichukua nilipokuwa nafungua fyuzi. Niligeuza kichwa na kumwona mtani wangu amekaa mlangoni kwa mashine yake juu ya magunia matupu, mikono kwenye magoti, anatazama mawingu kama mtu anayesoma kitabu. Kwenye magunia, chini ya paja lake, ulikuwa umechomoza waya wa shaba.

"Lete," nilisema.

"Nilete nini weye mla kaa? Salamu huna?"

"Lete fimbo, sina muda."

"Muda unao, mnasubiri dakika kumi, miye nimewaona kila siku mnakaa chini kama mnatotoa. Kahawa kwanza. Na kashata mbili, za leo, si zile ulizoniletea zina mchwa."

Alikuwa sahihi. Dakika nilikuwa nazo. Hata angenipa fimbo saa ile ningekaa nayo chini. Alikuwa amepima utani wake vizuri, ausimamishe palepale penye nafasi, awachekeshe watu kidogo kabla hawajauana. Leo naliona hilo. Siku ile niliona meno yake tu, na nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Fundi, panda! Unaogopa nini, panda!" na jiwe la pili likanipata kisogoni.

Nikashika kisogo, nikaona damu kwenye vidole. Nilimnyooshea mtani wangu kidole nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mwizi! Huyu hapa mwizi wa shaba! Ndiye anayewaulia umeme!"

Nilijua ninachosema. Watu wengine hujitetea kwamba neno liliwatoka. Mimi halikunitoka, nililitoa. Nilitaka ile hasira yao ihame kutoka kwangu iende kwake, japo kwa dakika moja. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na ngumi.

Yeye alicheka. Aliinuka anacheka, akifungua mikono, akidhani nimejibu utani kwa utani. Alipoinuka magunia yakasogea na waya ukaonekana wote, shaba inayong'aa juani, na fimbo yake. Sijui nani alikuwa wa kwanza. Nilisikia kofi, kisha sikusikia makofi tena, nilisikia vitu vizito. Mtu aliichomoa fimbo, akaiinua juu watu wote waone, akaitupa na kwenda kupiga naye. Wenye mashine waliokuwa wanakabana wakaachana wakaenda pamoja. Mkanda wa mota ulikuwa unapanda na kushuka. Tofali. Mguu wa stuli. Yule mzee wa wajukuu alikuwa anapiga kwa bakora yake, polepole, kama anapura mpunga.

"Ni utani!" nilipiga kelele. "Jamani, ni mtani wangu huyo! Acheni!"

Nilivuta mashati. Nilipigwa kiwiko cha pua nikakaa chini. Nilisimama nikang'ata mkono wa mtu, kweli nilimng'ata, akanitupa kando kama kuku. Kupitia miguu ya watu niliona sura ya mtani wangu chini kwenye pumba. Alikuwa ananitazama mimi. Bado alikuwa na ule mdomo wa mtu anayetaka kucheka, kama anasubiri niseme yametosha. Kisha niliona kijana anakuja anasukuma tairi kuukuu la trekta, na mwingine ana kidumu cha dizeli.

Sikufikiri kwa maneno. Fimbo ilikuwa chini mbele yangu. Niliichukua, nikakimbilia kwenye nguzo, nikabana waya kwenye ethi, nikapanda ngazi. Dakika kumi zilikuwa bado sana. Hilo ndilo nililotaka. Makopo yalikuwa bado yamejaa, na nilipanda bila glavu, bila kofia, nikaiegesha ncha ya shaba kwenye kopo la kwanza.

Mlio wake siwezi kuueleza vizuri. Watu wa Kibiti na Rufiji, wa umri wetu, wana sababu ya kujua milio ya bunduki. Wote walilala. Waliokuwa wanapiga, waliokuwa wanatazama, akina mama, kijana wa tairi, wote walijitupa kifudifudi juu ya pumba, na tairi likaendelea kuviringika peke yake mpaka likagonga gari langu. Mimi niliona mwanga mweupe tu. Shaba iliyoyeyuka ilininyunyizia mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nikagusa na kopo la pili. Likalia tena. Walipoinuka hawakutazama nyuma, walikimbia, wakaacha magunia, viatu, na kidumu cha dizeli.

Nilianguka kutoka kwenye ngazi au nilishuka, sikumbuki. Nilimtambalia. Jicho lake moja lilikuwa limezibwa na damu, taya imehama, mkono mmoja umekunjika mahali pasipo kiungo. Alikuwa anapumua. Nilimpakia kwenye gari pamoja na mkewe, aliyekuja mbio peku, nikaendesha hadi hospitali Kibiti kwa mkono wa kushoto huku mvua inaanza kupiga kioo. Mkewe alimshikilia kichwa mapajani njia nzima.

Alilala hospitali wiki nyingi. Jicho halikupona. Maaskari walikwenda kumwuliza nani alipiga kelele ya mwizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono umefungwa bandeji, nimekuja kusema ni mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akanitangulia. Kwa ile taya iliyofungwa waya alisema polepole kwamba hakumsikia vizuri, palikuwa na kelele nyingi za mota.

Mota zote zilikuwa zimesimama. Hakuna hata moja iliyokuwa inanguruma saa ile. Yeye alijua, nami nilijua. Nami nikanyamaza. Maaskari wakaandika kelele za mota, wakaondoka.

Siku iliyofuata nilimpelekea kahawa kwenye chupa, na kashata mbili, za siku ileile. Nilisema, "Haya mla ndezi, nimekuja kuikomboa fimbo yangu." Alinitazama kwa lile jicho lililobaki, bila chuki. Afadhali angenitemea mate.

"Ahsante, fundi," alisema. "Weka hapo mezani."

Miaka imepita. Umeme wa Ikwiriri umetulia. Tumeongeza kapasita, mpya safari hii, zinajiwasha zenyewe volteji ikishuka, na zamu za mashine zinafuatwa hata bila sisi kuwepo. Sijapigwa kofi kwa muda mrefu. Mkono wangu una madoa kama wa mtu aliyeugua tetekuwanga, na mafundi wapya wakiuliza, nawaambia nilivunja sheria ya dakika kumi. Wanashangaa mtu mzima kama mimi.

Yeye amerudi mashineni, anaiendesha kwa mkono mmoja. Ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja, na zamani angekufa kabla hajaniamkia. Sasa tukikutana ananiambia, "Shikamoo," nami naitikia, "Marahaba," na kila mtu anaendelea na njia yake. Nimewahi kumtukana mbele ya watu, nikamtukana mpaka na mashamba ya kwao, nikisubiri. Akatabasamu kwa adabu.

Ijumaa tunaswali msikiti mmoja. Navua viatu vyangu mlangoni, na huwa naviweka mbele kabisa, peke yake, mahali ambapo hata kipofu angevikanyaga. Yeye hutoka kabla yangu. Namsikia anavaa vyake. Nakaa kidogo zaidi, naomba dua ambayo mnajua ni ya nini, kisha natoka nje, na kila Ijumaa viatu vyangu navikuta palepale.